Utepe Haujakatwa

Emiliana alitapika tena kwenye beseni la bluu, na safari hii kilichotoka hakikuwa chakula wala nyongo. Kilikuwa cha rangi ya udongo na kilinuka choo. Mumewe, Silvano, alilichukua beseni, akazunguka nalo nyuma ya jengo jipya, akamwaga shimoni, akalisuuza kwa maji ya kupigia deki. Maji hayo yalikuwa ya kazi. Silvano ndiye aliyekuwa mlinzi wa jengo, na kila asubuhi alipiga deki ngazi, akapangusa vumbi mlangoni, kisha akakagua utepe mwekundu uliofungwa kutoka nguzo hadi nguzo kuona kama haujalegea.

Utepe wenyewe ulikuwa umeshapauka. Mgeni rasmi alikuwa aje kabla ya masika, akaahirisha. Akatajwa tena wakati wa kuvuna uwele, watu wakapika, akaahirisha. Jua la kijiji cha Chikomela halina haya wala adabu. Liliula wekundu wote, ukabaki utepe wa rangi ya ulimi wa mtu mwenye homa. Leo, sasa, ilikuwa hakika. Maturubai yalikuwa yamesimamishwa tangu jana, viti vya plastiki vimepangwa, na mgambo wanafukuza mbuzi waliozoea kulala kwenye kivuli cha kituo cha afya.

Nyuma ya utepe kulikuwa na chumba cha upasuaji. Kijiji kizima kilikijenga kwa nguvu zake. Silvano alisomba maji kwa punda kutoka korongoni, punda mmoja akafia njiani na madumu yake mgongoni. Emiliana na wenzake walibeba mchanga kichwani. Kwa hiyo kazi ya ulinzi ilipotangazwa, mkutano ulisema kwa sauti moja apewe Silvano, na ufunguo akakabidhiwa mbele za watu. Hakuwa amewahi kukabidhiwa kitu cha serikali maishani mwake. Aliushonea mfuko wake ndani ya suruali, na tangu siku hiyo hata salamu aliziitikia kwa sauti nyingine.

Juzi lori lilileta vifaa. Dereva wake, Shaaban, alikuwa peke yake, akamwita Silvano amsaidie kushusha mashine ya usingizi, ile ya kumlaza mgonjwa ili akatwe bila kujua. Ilikuwa nzito, ina magurudumu madogo na mipira mingi. Jioni Silvano alimwambia mkewe kwa furaha ya kitoto kabisa:

"Mama Ruthu, mashine imekuja. Hata wewe sasa ni hapahapa, hakuna tena kusubiri mjini."

Emiliana alicheka akijishika tumbo. "Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alikuwa anaumwa tangu mwaka jana. Aliona damu kwenye choo, akaificha kwa aibu, kisha akashindwa kuificha. Zahanati wakampa dawa ya amiba, wakampa ya minyoo, wakampa ya bawasiri. Alipofika mjini ndipo alipoingizwa kamera, wakanyofoa kinyama, wakasema ni saratani ya utumbo mpana, upande wa kushoto. Akapangiwa foleni ya upasuaji, akarudi nyumbani kuisubiri. Huku nyumbani hakukaa bure. Yeye ndiye mpigaji mkuu wa ngoma za akina mama, na kikundi kilikuwa kimeagizwa kumpokea mgeni. Alipiga ameibana ngoma katikati ya mapaja, kama bibi zake walivyopiga, mpaka tumbo lilipoanza kujaa na ngoma ikakosa pa kukaa. Tangu Jumapili alikuwa hajapata choo, na hata hewa haikutoka.

Gideoni, mganga mfawidhi wa kituo, alimpima palepale kwenye benchi la nje, kwa sababu wodi ilikuwa imeshatandikwa shuka mpya. Alilibonyeza tumbo, akaligonga kwa kidole, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliposimama hakumtazama Silvano usoni.

"Uvimbe umeziba njia yote," alisema. "Kila anachokula kimekwama, ndiyo maana kinarudi juu. Akiachwa hivi utumbo utapasuka."

"Unaweza kuuzibua, daktari?"

"Kuutoa uvimbe wenyewe, hapana, hiyo ni kazi ya bingwa. Lakini naweza kukata hapa juu ya pale palipoziba, nikautoa utumbo nje ya ngozi, nikautoboa, choo kikawa kinaingia kwenye mfuko. Nimeshafanya nilikotoka. Tumbo linapumua, mtu anapata nguvu, halafu mjini wanamalizia kwa nafasi."

Silvano hakungoja zaidi. Aliingiza mkono kiunoni, akautoa ufunguo.

"Urudishe huo, mzee."

"Chumba ni hiki hapa, daktari. Mashine nimeishusha kwa mikono yangu."

"Utepe haujakatwa."

"Nitauinua. Mtapita chini yake, hautaguswa."

Gideoni alitazama upande wa maturubai, kisha akashusha sauti. "Na damu je? Mgeni aingie akanyage damu? Maelekezo yalikuja kwa maandishi, jengo lisitumike kabla ya kuzinduliwa. Nina mwenzangu alimzalisha mama kwenye wodi isiyozinduliwa. Mama alipona, mtoto alipona. Yeye sasa yuko stoo, anapanga maboksi ya dawa. Unataka na mimi nikapange maboksi?"

"Mgeni atafika lini?"

"Leo."

"Leo wakati gani?"

"Mgeni hapangiwi wakati, mzee wangu." Alifuta jasho. "Mpeleke hospitali ya wilaya. Kule kuna Daktari Asma, anapasua kila siku. Nitampigia simu."

"Basi tupe gari la wagonjwa."

"Liko kwenye msafara. Ndio utaratibu. Kiongozi akipatwa na jambo njiani?"

Emiliana, aliyekuwa amefumba macho muda wote huo, aliyafumbua. "Mwache baba wa watu," alimwambia mumewe. "Hujamwona anavyotetemeka?"

Silvano alisimama mbele ya ule mlango. Kufuli lilikuwa la kawaida, la kununua dukani kwa Mustapha, na ufunguo ulikuwa umeshapata moto mkononi mwake. Angeweza. Aliogopa. Aliogopa mgambo, akaogopa kufukuzwa, na zaidi aliogopa watu waje kusema kwamba walimwamini kwa kitu kimoja tu, nacho akakiharibu. Akaurudisha ufunguo mfukoni, akaenda barabarani kutafuta usafiri.

Alichopata kilikuwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba samaki kutoka Mtera. Walimlaza Emiliana kati ya matenga ya sato, kichwa kwenye mapaja ya mumewe, na maji ya barafu yakawa yanamlowesha khanga. Hawakuwa wamekwenda mbali polisi wa pikipiki alipowapungia wasogee kwenye majani. Magari meusi yalipita, mengi, taa zinawaka mchana kweupe. La mwisho lilikuwa jeupe na lilikuwa linalia.

"Ni nini hiyo?" Emiliana aliuliza.

"Gari la wagonjwa."

"Limembeba nani?"

Silvano alikuwa ameona ndani. "Halijabeba mtu," alisema.

Daktari Asma aliwapokea mwenyewe mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Kondoa, ushungi umebanwa nyuma ya masikio. Aliwaamkia shikamoo kwanza, kisha mikono yake ikaanza kazi. Wakamweka Emiliana kitandani kwenye korido kwa kuwa wodi ilijaa, wakamtundikia dripu, wakampitisha mpira puani kunyonya yale maji ya tumboni. Emiliana akapumua kidogo.

"Mama, nitakwambia wewe mwenyewe, maana tumbo ni lako," alisema Daktari Asma akiinama. "Kuna kuukata uvimbe na kuunga utumbo hapohapo. Hiyo kwa hali yako siitaki. Utumbo umevimba, kiungo kinaweza kuachia. Kuna kuukata na kuutoa utumbo nje, tukauunga baadaye. Na kuna kuutoa nje tu bila kugusa uvimbe, tukununulie siku. Wenzetu wenye vifaa hupitisha kijibomba cha waya kwa njia ya chini, kikaupanua ulipoziba. Sisi hatuna. Nikifungua nitaona, nitachagua lile litakalokuacha hai. Lakini uwezekano mkubwa utaamka na choo kinatokea hapa." Alimgusa chini ya mbavu.

Emiliana aliufikiria huo mkono.

"Nitaweza kupiga ngoma?"

"Ukizoea mfuko, utaweza."

"Basi hata kikitokea puani. Mradi nisife."

Hata muuguzi alicheka. Kwa kitambo kifupi mambo yalikuwa yanakwenda kama yanavyopaswa kwenda duniani, na Silvano alianza kujiona mjinga kwa kulilia kile chumba cha Chikomela. Kisha Daktari Asma aligeuka akamwambia muuguzi waandae chumba, na muuguzi hakuondoka.

"Daktari," alisema, "mashine haijarudi."

"Mashine gani?"

"Ya usingizi. Walikuja kuiazima ulipokuwa likizo. Ilienda kwenye uzinduzi Chikomela."

Daktari Asma alitazama mlango wa chumba cha upasuaji. "Ile ya zamani?"

"Ni mbovu tangu masika. Tuliandika."

Silvano aliyasikia yote, na hakuelewa mara moja. Aliielewa mashine kwa mikono kabla ya kuielewa kwa akili. Ule uzito wake, yale magurudumu madogo, kibandiko chekundu ubavuni ambacho alikuwa amekipangusa vumbi kwa kitambaa chake. Ilitoka hapa. Ilitoka kwenye chumba kilekile ambamo mkewe alitakiwa kupasuliwa, ikapita barabara ileile, na yeye ndiye aliyeipokea, akaifungia, na ufunguo alikuwa nao.

"Mchome sindano ya mgongo basi," muuguzi alinong'ona.

"Kwa presha hii? Itashuka isirudi." Daktari Asma alilishika tumbo tena, na safari hii Emiliana alipiga ukelele kabla hajabonyezwa. Lilikuwa limekakamaa kama ubao. Daktari Asma akautoa mkono polepole. "Asubuhi hii ningeweza hata kwa ganzi ya ngozi, tundu dogo tu. Sasa nadhani umetoboka. Hapa ni kumfungua tumbo lote na kumwosha, na hilo halifanyiki mtu akiwa macho."

Alipiga simu. Alipiga mjini, wakasema wamlete, wako tayari. Alipiga kuomba gari la wagonjwa, wakamwambia liko kwenye msafara. Alipiga Chikomela, simu ikaita mpaka ikakatika. Silvano alisema angeweza kutafuta kirikuu kingine.

"Baba, ukimpakia kwenye kirikuu bila oksijeni utafika mjini na maiti," alisema Daktari Asma. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa amekunja ngumi ndani ya mfuko wa koti.

Ndipo simu ya Silvano ilipoita. Alikuwa Gideoni.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi."

"Unao wapi? Mgeni ameshaketi! Wamemaliza sala, sasa hivi anakuja mlangoni!"

"Niko nao hospitali ya wilaya," alisema Silvano. "Daktari, mashine yao iko kwako. Hawana nyingine. Tumbo la mama Ruthu limetoboka."

Gideoni aliisogeza simu karibu na mdomo. Nyuma yake ngoma zilikuwa zinalia na kipaza sauti kinakoroma.

"Nilidhani wana nyingine," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa amedhani chochote.

"Nitauleta ufunguo sasa hivi, na ninyi leteni mashine. Au mumtumie lile gari la wagonjwa lije kumchukua. Ufunguo utakuja nalo."

"Silvano. Unampa kiongozi masharti?"

"Nipe niongee naye. Nimwambie tu. Huenda hajui."

"Hajui, na hatajua!" Gideoni akaanza upya kwa upole wa kuomba. "Mzee wangu, nisikilize. Hotuba ni fupi. Akishaondoka tu napakia mashine mwenyewe. Nakuapia."

Hapo sauti nyingine iliingilia, ya mtu aliyezoea kuamrisha kwa niaba ya wakubwa. Ilisema maneno mawili. "Vunja hilo."

Silvano alisikia nyundo. Pigo la kwanza, la pili, kisha kitu kikaanguka sakafuni kwa mlio mdogo tu, na vigelegele vikapanda. Gideoni alikuwa amesahau kukata simu. Kufuli ambalo Silvano alililinda mvua na jua, ambalo asubuhi alisimama mbele yake na ufunguo halali mkononi, akashindwa, lilikuwa limefunguka kwa muda wa kupiga chafya. Ufunguo aliukuta bado ameushika, umemwachia alama kiganjani.

"Ni ngoma hizo?" Emiliana aliuliza kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Silvano akamwekea simu sikioni, kwa sababu hakujua kingine cha kumpa. Emiliana alisikiliza, vidole vyake vikitembea juu ya shuka, vikitafuta mapigo.

"Yangu wamempa nani?"

"Labda Gladness."

"Anaharakisha," alisema Emiliana. "Mwambieni asiharakishe. Mgeni atadhani tunamfukuza."

Ngoma zilikatika na mtu akaanza kuhutubia. Alisema kuanzia leo mwananchi wa Chikomela hatasafiri tena kutafuta huduma ya upasuaji. Watu walipiga makofi. Silvano aliiondoa simu kwenye sikio la mkewe, akaizima.

Hotuba haikuwa fupi. Baada yake kulikuwa na picha, na Silvano aliambiwa baadaye jinsi zilivyopigwa: muuguzi mmoja mzima, mwenye afya, alilazwa juu ya meza, akafunikwa shuka ya kijani, na mgeni akamshika mkono. Baada ya picha kulikuwa na chakula. Daktari Asma alikuwa anakuja kila mara kumtazama Emiliana, anabadilisha dripu, anaongeza dawa, anarudi getini kuangalia barabara. Mara moja alisimama karibu na Silvano kana kwamba anataka kusema jambo la kumfariji. Hakulipata, akaondoka, na Silvano alimshukuru kwa hilo.

Emiliana alikuwa baridi miguuni, kisha mikononi. Alitaka maji, akakatazwa. Akaloweshwa midomo kwa pamba. Aliuliza kama Ruthu, binti yao aliyeolewa Kizota, ameshapanda gari. Silvano akasema yuko njiani. Aliuliza tena, naye akajibu vilevile. Hakuuliza mara nyingine. Alikufa jua likiwa bado liko juu ya mikuyu ya getini, mumewe akiwa ameshika kisigino chake, anakisugua kipate joto.

Muuguzi alichomoa dripu, akautoa mpira puani, akamfunika kwa khanga yake mwenyewe ambayo bado ilinuka samaki. Mtu wa chumba cha maiti hakuwapo. Alikuwa ameomba ruhusa kwenda kuona mgeni. Kitanda kikabaki pale koridoni.

Silvano alitoka nje akasimama kwenye baraza. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inamzunguka ikitafuta pa kuingilia, na kila ilipozunguka ilirudi kwenye asubuhi ile, kwake yeye, mbele ya lile kufuli. Gideoni angepanga maboksi. Yeye angefukuzwa. Emiliana angekuwa hai. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi kiasi hicho, na asubuhi watu wazima wawili walikuwa wameshindwa kuifanya.

Lori liliingia getini wakati huo, likarudi kinyumenyume mpaka barazani. Shaaban akaruka chini, anatafuna kijiti, shati lake limebandikwa ua la karatasi.

"Mzee Silvano! Hata huku upo?" alisema. "Afadhali, sikuwa na mtu. Daktari wako kanihimiza hata chakula sikumaliza. Kasema nikukumbushe, amenunua kufuli jipya, ukapitie ufunguo kesho."

"Mmeacha nini ndani?"

"Ndani? Hakuna kitu. Meza yenyewe inarudi ilikotoka."

"Sasa kufuli la nini?"

Shaaban alifikiria. "Jengo si lipo?" alisema. Akafungua mlango wa nyuma ya lori. "Shika huko, taratibu, ina mipira mingi."

Silvano alishika. Mikono ilishaujua uzito huo, ikaenda yenyewe mahali pake. Juu ya mashine walikuwa wamesahau kipande cha ule utepe uliopauka, kimefungwa fundo zuri. Waliishusha barazani, wakaiingiza koridoni kwa magurudumu yake madogo, Shaaban anavuta, Silvano anasukuma, ufunguo unamgonga pajani kila hatua. Korido ilikuwa nyembamba. Daktari Asma alikuwa amesimama mwisho wake, mlango wa chumba cha upasuaji umefunguliwa.

"Kuna kitanda hapa," Shaaban alisema kwa sauti. "Hatupiti."

Muuguzi akaja, akaichomeka vizuri khanga iliyokuwa inaning'inia, akakisogeza kitanda cha Emiliana ukutani ili mashine ipite.